Dharura ikitokea Ngara, mifugo nayo iwe imeandaliwa

WAKAZI wa Murukulazo, wilayani Ngara, mkoani Kagera, wanaishi katika eneo linaloijua vema dharura. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja hivi. Septemba 10, 2016, tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliukumba mkoa huo na kuua watu 17.

Matukio ya aina hiyo hayatoi nafasi ya kutafuta kamba.

Mbwa achanjwe mapema dhidi ya kichaa, kwani asiyechanjwa ni hatari penye msongamano wa watu. Kadi yake itunzwe pamoja na nyaraka za familia. Kuku na paka watengewe tenga. Ng'ombe na mbuzi wawekewe alama na idadi yao iandikwe, ili wakichanganyika na wa wengine watambulike.

Isipowezekana kuwachukua, wafunguliwe na mlango wa zizi uachwe wazi. Mnyama aliyefungwa hana pa kukimbilia. Hata hivyo, uhai wa binadamu hutangulia: asiwepo wa kurudi katika nyumba iliyopasuka kumfuata mbuzi.