Kwa Nini Sikufika Lenana

Wenzangu wa kidato hunitania eti niliogopa baridi. La hasha! Hebu niwaeleze.

Njia ya Chogoria, mashariki mwa Mlima Kenya, hupitia vidimbwi vya Hall, mita 4,300 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukichungulia ukingoni waliona Ziwa Michaelson chini kabisa, katika bonde lililochongwa na barafu zama za kale. Mahali pazuri, jamani! Hapo ndipo kichwa kilipoanza kunigonga, nikatapika chai yote.

Kilele cha Lenana kina mita 4,985. Huko mgandamizo wa hewa ni nusu na ushei tu ya ule wa Mombasa, hivyo kila pumzi huleta oksijeni haba. Mwili huzoea polepole, nasi tulitoka langoni hadi vidimbwini kwa siku moja, mbio mbio! Dalili zikizidi ukapuuza, mapafu yaweza kujaa maji au ubongo ukavimba, na hapo ni kifo. Dawa ya hakika ni kuteremka.

Saa nane usiku wenzangu waliwasha tochi kwenda kileleni. Kiongozi akanigeuza. Nilinuna, hata sikuwaaga. Tulipofika langoni kichwa kilikuwa kimetulia, nikadai ugali.