Gari ya sport iliyovunja mugongo

Mwenzetu mmoja aliendesha dumpa miaka tisa mu karieri ya zahabu, huku mu milima ya Kivu ya Kusini. Jina la kampuni tuliache. Kontra yake ilipokwisha alirudi Uvira na vitu viwili: dekonti finali na mugongo wenye kuuma. Kwa ile dekonti akanunua gari. Tulimushauri atafute Probox, gari ya kazi, hakusikia. Alileta Toyota Altezza ya mwaka 2001, usukani kuume, iliyokuwa imeshushwa chini hata mutu akaogopa kupita juu ya jiwe la mbabula.

Tusiicheke sana. Toyota ilitengeneza Altezza tangu 1998 mpaka 2005, na kule Japani ilichaguliwa gari ya mwaka 1998-1999. Iko na mikono miwili kila gurudumu, wa juu na wa chini, mbele na nyuma. Gari nyingi za bei yake haziko nayo. Ni gari nzuri. Lakini mwenye kuiuza alikuwa kijana wa mbio, na mwenzetu alitaka kupakia abiria kutoka Uvira mpaka Sange na Luvungi, kwenye barabara ya taifa namba 5, ambayo wasomaji wetu wanaijua kwa mifupa yao.

Juma la tatu akaja kwa komite amepinda kama muzee. "Gari iko kali, kamaradi. Inanipiga kuliko dumpa." Abiria nao walianza kumukimbia. Mama mumoja wa ndagala alishuka Kavimvira akasema heri apande moto.

Tulibishana kwenye komite. Kasha la musaada ni la wagonjwa na matanga, si la gari za vijana. Tulikuwa karibu kukataa. Bibi yake ndiye alitunyamazisha, alisimama mulangoni akasema: "Ile gari njo shamba yetu." Basi, tukatoa mukopo, na wawili kati yetu waliokuwa mu atelie ya mechanique wakaahidi mikono yao bure.

Watu wengi gari ikiwa ngumu wanakimbilia amotisa. Sisi tulianza na pine, juu kupima pine hakuna bei. Fundi wa pembeni alikuwa amezijaza mpaka bari 3, "ili zisipasuke". Kibandiko cha Toyota kwenye nguzo ya mulango wa shofa kinaonyesha kipimo cha kweli, nacho kilikuwa chini sana ya hapo. Halafu tukasoma maandishi ya pine: 225/35 R18. Hiyo 35 maana yake urefu wa ubavu wa mpira ni sehemu 35 kwa mia za upana wake, yaani milimita 79 tu kati ya janti na shimo. Tulibadilishana na mutu janti za inchi 16 na pine 205/55, ubavu wa milimita 113. Kwanza tulivalisha moja na kuizungusha kwa mukono, kuona kama janti inapita juu ya breki bila kugusa. Usinunue zote ine mbele ya kufanya hivyo.

Gari ikawa nafuu, lakini kwenye kila shimo bado iligonga ngo! kama nyundo juu ya chuma. Tukaipandisha kwa kriki, tukaweka magogo chini (kriki peke yake haiaminiki, sisi wa mine tunajua kitu kilichoning'inia kinafanya nini), tukaangalia resori. Zilikuwa zimekatwa na meule.

Hapa tukae kidogo, sababu mambo haya yanafanyika sana. Mutu anadhani akikata resori, inakuwa fupi tu. Hapana. Inakuwa fupi na ngumu. Chukua resori ya duara sita zinazofanya kazi. Kata moja na nusu, zinabaki ine na nusu. Chuma ni kile kile, uzito ni ule ule, lakini zimebaki duara chache za kujikunja, na ugumu unapanda kwa theluthi nzima. Tena gari imeshuka karibu na vile vipira vya mwisho vinavyozuia chuma kugonga chuma. Ukiongeza abiria watano na magunia, gari haiko tena juu ya resori, iko juu ya vile vipira. Vya mwenzetu vilikuwa vimekwisha kuwa unga. Wengine wanashusha kwa kuchoma resori na moto wa shalimo. Ile ni mbaya zaidi, chuma kinapoteza nguvu yake na siku moja kinavunjika njiani.

Resori za kawaida zilipatikana okazyo. Kuzivalisha ndiyo kazi ya hatari kabisa. Resori iliyobanwa imeshika nguvu ya kutosha kuvunja taya, au kuua. Tulitumia vyuma viwili vya kubania, vimepingana, tukikaza kidogo huku na kidogo huku, na hakuna aliyesimama mbele ya ncha. Kijana mumoja alipendekeza kamba. Tulimutuma kuleta maji.

Amotisa mbili za nyuma zilikuwa zimelowa mafuta. Ukisukuma kona ya gari chini na kuiachia, inapaswa kupanda na kutulia, hii ilirukaruka. Tulibadilisha zote mbili pamoja, maana moja mpya na moja ya zamani zinavuta gari upande.

Kisha kosa ambalo lilikuwa letu wenyewe. Tulikaza bulo za silenibloki magurudumu yangali yananing'inia. Gari ikashuka, ikakaa juu kama punda mwenye kiburi, na bado ngumu. Ule mpira wa silenibloki umeshikana na chuma pande mbili. Ukikaza hewani, gari ikishuka mpira unapindika, unapingana na resori kila saa, na hautachelewa kupasuka. Ilibidi tulegeze zote, tuiache gari isimame kwa uzito wake, tukaze tena tukiwa tumelala chini kwenye vumbi. Nusu siku ilipotea. Mwisho tukapima magurudumu ya mbele kwa kamba, kutoka nyuma kuja mbele, ili yasile pine.

Siku ya Mungu tukaijaribu mpaka Sange, watu watano ndani. Kwenye mashimo makubwa bado inagusa, tusidanganye. Lakini tuliongea njia nzima bila kuuma ulimi.

Mugongo wa mwenzetu haukupona. Gari haikuuharibu, iliukuta umeharibika. Ulaya waliandika tangu 2002 kwamba mutetemeko wa mwili mzima ukifika 0,5 mita kwa sekunde mraba kwa siku ya saa 8, patroni lazima achukue hatua, na 1,15 haipitwi. Kuna pia Mkataba namba 148 wa Shirika la Kazi la Dunia, wa 1977, juu ya hewa, makelele na mitetemeko. Kwetu dumpa inapimwa mafuta na tani. Kiti cha shofa hatujaona kikipimwa hata siku moja. Kwa hiyo, ninyi mungali kazini: kiti kikianza kugonga chini, andikeni kwenye kitabu cha mashini, tarehe na namba ya dumpa, na mupige foto ya ukurasa. Ukienda kwa munganga wa kazi, omba karatasi. Sheria ya usalama wa jamii ya tarehe 15 Julai 2016 inahesabu magonjwa ya kazi, lakini CNSS itauliza karatasi. Mwenzetu ana fishi za mushahara tu. Tunatafuta mashofa waliokuwa naye zamu moja, waje kushuhudia.

Mukopo amekwisha kulipa nusu. Zile resori zilizokatwa hakutaka tuzitupe. Moja bibi yake ameisimamisha jikoni, anatelekea sufuria ya bugali juu yake.