Moshi wa Jikoni Shuleni

Mama msomaji, je, umewahi kuingia katika jiko la shule anayosoma mwanao? Sisi wazazi wa shule moja hapa Mabibo tulikuwa hatujaingia, mpaka siku ya kikao mvua ilipotufukuza uani tukakimbilia humo. Tulitoka upesi, machozi yakitutiririka. Mama mpishi yeye alibaki akikoroga makande ya watoto, mjukuu wake yuko mgongoni.

Chumba kile kina mlango mmoja na kidirisha. Mabati yamekuwa meusi kwa masizi. Sufuria kubwa imekaa juu ya mafiga matatu, moto unatoka pande zote, na joto jingi linapotea bure. Kuni hizo tunazilipia sisi, kwa mchango wa kila mwezi. Na moshi wa namna hiyo huwaletea watoto wadogo kichomi, na wapishi maradhi ya mapafu.

Wengi wetu hatukujua kwamba jambo hili lina agizo la Serikali. Taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku, shule zikiwamo, ziliagizwa kuacha kuni na mkaa, na tarehe ya kwanza ya mwisho ilikuwa Januari 2024. Mwezi Mei mwaka huo ukazinduliwa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanaitumia ifikapo 2034.

Tuliambiwa fedha hakuna. Ni kweli, mitungi mikubwa ya gesi na majiko yake si bei ya kitenge. Lakini kuni nazo zina bei, ila tunailipa kidogo kidogo hata hatuioni. Basi tukakubaliana kupima kwanza: kwa wiki mbili kila mzigo wa kuni uandikwe daftarini, kisha tulinganishe na gesi. Wakati tunangoja, mahindi na maharage yalowekwe tangu jioni, sufuria ifunikwe, na fundi aongeze madirisha mawili na bomba la kutolea moshi.

Baba mmoja alinung'unika kwamba hayo ni mambo ya wanawake. Tulimwomba akakae jikoni dakika kumi. Hakumaliza tano.

Kikao kingine ni mwisho wa mwezi. Mama mpishi ataketi mbele na daftari lake. Miaka yote aliyowapikia watoto wetu, hakuna aliyewahi kumwuliza neno.