Miadi Moja, Mistari Miwili

Nyumbani kwetu Mbagala, siku ya kliniki ya presha ya bibi yao watoto ilionekana kwenye simu mara mbili, tarehe ile ile na saa ile ile. Kijana wetu akafuta mstari mmoja kwenye simu. Dada yake akafuta wa pili kwenye kompyuta. Kila mmoja aliamini amebakisha mwingine. Siku ikapita bibi yumo jikoni anachagua mchele, na dawa zikamwishia.

Tulipochunguza, kosa lilikuwa letu wazazi. Simu na kompyuta zilikwisha kuunganishwa kwa akaunti moja. Nasi tukalichukua faili la kalenda hiyo hiyo, tukaliingiza tena katika kalenda nyingine ya simu. Kuunganisha ni kusoma daftari moja mahali pawili. Kuingiza faili ni kuandika daftari la pili.

Basi usianze kwa kufuta. Gusa kila mstari usome ni wa kalenda gani, kisha ifiche ile iliyozidi kwa kuiondolea tiki. Ukiona hakuna kilichopungua, ndipo uifute. Katika Kalenda ya Google, tukio lililofutwa hukaa kwenye pipa la taka takriban siku 30, na huweza kurejeshwa kwa kompyuta. Laiti tungalijua!

Mistari miwili ya Idd el Fitri, hata hivyo, usiiguse: mapumziko yetu ni siku mbili, na tarehe ya simu ni hesabu tu, mwezi waweza kuisogeza.

Bibi amepangiwa Jumatano, inshaallah. Safari hii ameiandika mwenyewe kwa wino, kwenye kalenda ya ukutani.