Dharura ya Afya Nyumbani: Kwenye Kundi la Simu Omba Gari, Usiombe Dawa

Siku hizi karibu kila kijiji katika Kaunti ya Kilifi kina kundi lake la WhatsApp, na wengi wetu tumo pia katika makundi ya Facebook yenye maelfu ya watu tusiowajua. Makundi haya yana faida nyingi. Mbuzi aliyepotea hupatikana, msiba hutangazwa, bei ya mahindi hujulikana. Lakini yamezoeleka pia kwa jambo moja la hatari. Mtu anapopatwa na tatizo la ghafla usiku, ujumbe huingia: "Jamani, mtoto amekunywa mafuta ya taa, nimpe nini?" Kisha mzazi hukaa na simu mkononi akisubiri majibu.

Majibu huja upesi. Wa kwanza atasema mpe maziwa. Wa pili atasema maji ya chumvi ili atapike. Wa tatu, mafuta ya kupikia. Wa nne ataandika "pole sana" na kuweka alama ya mikono ya maombi. Wote wana nia njema, na ushauri wote huo ni mbaya. Madhara makubwa ya mafuta ya taa hutokea yanapoingia kwenye mapafu, na mtoto anapotapishwa, mafuta hupanda kooni na kupata njia ya kwenda huko. Maziwa na mafuta ya kupikia pia yanaweza kumtapisha. La kufanya ni kumvua nguo zilizomwagikiwa, kumwosha ngozi kwa maji na sabuni, kutompa chochote cha kumtapisha, na kumpeleka hospitalini pamoja na chupa aliyonywea. Apelekwe hata kama anaonekana mzima, kwa sababu kikohozi na kupumua kwa haraka vinaweza kuanza baada ya saa kadhaa.

Kwa nini watu wenye nia njema wakosee hivyo? Sababu ya kwanza iko wazi: hawamwoni mgonjwa. Muuguzi ukimfikia atauliza umri na uzito wa mtoto, amekunywa nini, kiasi gani, saa ngapi, na kama amekohoa au kutapika. Atahesabu pumzi zake. Aliye mbali husoma mstari mmoja tu na kujibu. Hata akiwa daktari wa kweli, hawezi kusikiliza kifua cha mtoto kupitia maandishi.

Sababu ya pili haionekani kwa urahisi, na ndiyo inayowadanganya hata watu makini. Anayejibu kwenye kundi mara nyingi ni yule aliyejaribu kitu na mgonjwa wake akapona. Aliyejaribu kitu hicho hicho na kumpoteza mtu wake haandiki; amenyamaza, au hata hayumo tena kwenye kundi. Ukisoma majibu 10 yanayosifu dawa moja, hujui ni wangapi waliitumia wakazika.

Nyoka ni mfano mzuri wa jambo hili, na hapa kwetu si wachache: tuna bafe, swila na koboko. Ukiuliza mtandaoni dawa ya kuumwa na nyoka, utaambiwa utumie jiwe jeusi la nyoka, uchanje kwa wembe, unyonye sumu kwa mdomo, au ufunge mguu kwa kamba mpaka ukaze. Kila njia itapata shahidi wa kuapa kwamba ilimponya. Lakini nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru mtu, na hata mwenye sumu kali wakati mwingine huuma bila kuitoa. Mtu aliyeumwa hivyo angepona hata kama angewekewa kokoto la barabarani. Jiwe hupewa sifa, na siku nyingine mtu aliyeumwa na koboko huwekewa jiwe hilo hilo huku pumzi zikimwishia.

Aliyeumwa na nyoka asitembee. Mlaze na umtulize, mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza, na ukitulize kiungo kilichoumwa kwa kukifunga kwenye ubao au fimbo bila kukikaza. Msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kuzuia damu. Nyoka akitema mate machoni, osha macho kwa maji mengi safi. Usimfukuze nyoka ili umuue, maana kuna waliokwenda kumtafuta wakaumwa wao. Si kila zahanati ina dawa ya kupunguza nguvu ya sumu ya nyoka, kwa hivyo mtu mmoja apige simu kuulizia wakati mgonjwa tayari yuko njiani. Usisubiri jibu ndipo uondoke.

Ushauri mwingine unaozunguka sana ni ule wa kiharusi: mchome mgonjwa vidole kwa sindano mpaka damu itoke. Haumsaidii hata kidogo. Mdomo ukipinda upande mmoja, mkono ukilegea au maneno yakaanza kuteleza, andika saa dalili zilipoanza na mpeleke hospitalini mara moja. Ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, lakini hutolewa ndani ya muda wa saa 4 na nusu tangu dalili zianze, tena baada ya picha ya kichwa kupigwa. Usimpe chakula wala maji, kwani huenda hawezi kumeza. Usimpe aspirini pia, kwa sababu baadhi ya viharusi husababishwa na mshipa uliopasuka, na aspirini huongeza damu kuvuja.

Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, bila dawa ya meno, unga wala yai. Mwenye degedege alazwe ubavu, na asitiwe kijiko mdomoni. Mama mjamzito mwenye maumivu makali ya kichwa na macho yenye ukungu, au aliyejifungua na damu haikatiki, hana jambo la kuuliza mtandaoni. Aende sasa hivi, na kijitabu chake cha kliniki kiende naye.

Tunajua kwa nini watu huuliza wageni. Hospitali iko mbali, hasa kwa wanaoishi ndani ya Ganze na Magarini. Ni usiku na zahanati imefungwa. Wengine huogopa kukemewa na mhudumu, na hofu hiyo haikuja bure. Mhudumu anayemfokea mzazi aliyeleta mtoto anawafunza wazazi wengine kukaa nyumbani. Na kubwa kuliko yote ni pesa. Basi ijulikane kwamba Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaihakikisha haki hiyo katika hospitali za umma na za binafsi pia. Malipo yatazungumzwa baada ya mgonjwa kuhudumiwa.

Wako pia wanaojibu kwa nia mbaya. Baada ya kuuliza kwenye kundi kubwa utapokea ujumbe wa faragha kutoka kwa "daktari" mwenye dawa, anayetaka utume pesa kwanza kwa M-Pesa. Mfungie mlango. Kumbuka vilevile kwamba picha ya mtoto akiwa uchi au majeruhi ukishaituma kwa watu 500 huwezi kuirudisha.

Hatusemi simu iwekwe kando. Kundi la kijiji haliwezi kutibu, lakini kwa kutafuta usafiri ni hodari sana. Piga kwanza 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Kisha tuma ujumbe kwenye kundi la majirani, wala si lile la watu walioko Nairobi na Ughaibuni. Uwe mfupi, kwa mfano: "Nahitaji gari SASA. Mtoto wa miaka 3 amekunywa mafuta ya taa. Niko nyuma ya shule ya msingi, nyumba yenye mwembe mkubwa. Twaenda Hospitali ya Malindi. Nipigie." Ujumbe kama huo hauachi nafasi ya mtu kujibu "mpe maziwa". Gari likikosekana, bodaboda itafaa kwa mgonjwa aliye na fahamu, akae katikati, nyuma yake mtu wa kumshika.

Wasimamizi wa makundi wanaombwa kuziweka nambari hizo juu ya kundi, na kufuta ushauri wa tiba pale mtu anapoomba msaada wa dharura, ili majibu ya usafiri yasizame chini ya maoni 40.

Mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako naye apigiwe. Tangu Septemba 2023 wahudumu hawa kote nchini wamekuwa wakipewa mikoba yenye vifaa kama kipimajoto na mashine ya kupima shinikizo la damu. Hatibu kila kitu, lakini atakuja, atamwona mgonjwa kwa macho yake, na anajua ni kituo gani kiko wazi usiku huo.

Leo jioni, kabla hujahitaji, chukua karatasi uandike nambari ya mhudumu huyo, ya zahanati yenu, ya hospitali iliyo karibu, ya jirani mwenye gari na ya mwendesha bodaboda anayekubali kuamshwa usiku. Ibandike nyuma ya mlango, mahali ambapo hata mtoto wa darasa la nne ataifikia na kuisoma.