Mwalimu, Redio na Ubao Mjini Juba

Mwezi Machi 2020 Serikali ya Sudan Kusini ilifunga shule zote nchini ili kuzuia kuenea kwa ugonjwa wa Korona. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba mwaka huo. Wanafunzi wengine walingoja hadi Mei 2021. Katika muda huo masomo yalitolewa kwa redio, ikiwamo Redio Miraya ya Umoja wa Mataifa. UNICEF iligawa redio zinazotumia nguvu ya jua, maana nyumba nyingi hazina umeme, sembuse intaneti.

Wapo waliodhani kwamba redio ikishafundisha, mwalimu amepunguziwa mzigo. Mambo hayakuwa hivyo.

Askari atalielewa jambo hili upesi. Katika redio kolu, mtoa ujumbe hungoja jibu. Asipojibiwa hurudia, na asipoeleweka huulizwa. Redio ya masomo haiulizwi. Husomesha hesabu za kugawanya, kisha huendelea na kipindi kingine, awe mtoto wa mtaa wa Juba Na Bari ameelewa, au alikuwa ametumwa maji. Tena mtoto huyo huenda nyumbani anazungumza Kibari au Kiarabu cha Juba, na somo linamjia kwa Kiingereza, lugha rasmi ya nchi. Neno moja likimpita, hana wa kumwuliza.

Basi kazi ya kuulizwa ilimngojea mwalimu. Shule zilipofunguliwa, chumba kimoja kilikuwa na aliyesikiliza vipindi vyote, aliyesikiliza nusu, na ambaye kwao hapakuwa na redio. Mwalimu akianza mwanzo, wa kwanza anachoka. Akianzia redio ilipoishia, wengine wanaachwa nyuma. Baadhi ya wasichana hawakurudi kabisa, kwani walikuwa wameolewa au wana mimba. Wapo na walimu ambao hawakurudi: mshahara ni mdogo na huchelewa miezi, nao walikwisha tafuta riziki kwingine.

Jambo la kusikitisha ni kwamba Sudan Kusini ilikuwa na ujuzi huu tangu zamani. Kuanzia 2004, kabla ya uhuru, palikuwa na masomo ya redio ya nusu saa kwa madarasa ya chini ya msingi. Sauti ya redio ilisita ili watoto wajibu kwa pamoja, naye mwalimu alikuwapo darasani kuona nani anajibu na nani anachezesha midomo tu. Zanzibar nayo ilitumia mtindo kama huo kwa watoto wadogo. Mwaka 2020 redio ilipelekwa nyumbani, lakini mwalimu hakuweza kwenda nayo.

Wala hali hiyo haikwisha pamoja na Korona. Machi 2024 shule zilifungwa kwa sababu ya joto kali, na Februari 2025 zikafungwa tena kwa majuma mawili, baada ya wanafunzi kuzirai mjini Juba. Kila zikifungwa, mtoto hurudi kwenye redio, kama ipo.

Katika makambi ya jeshi na kota za polisi redio hazikosekani. Askari mmoja anayejua Kiingereza akikaa na watoto kwa nusu saa ya somo, akaandika maneno na hesabu zilizowashinda, mwalimu atakapofungua darasa atajua pa kuanzia.