Gundi ya Mgunga na Kikombe cha Kiuu

Glezi, ule ung'avu wa kioo juu ya kikombe cha udongo, huanza kama mawe yaliyosagwa yakakorogwa majini. Na mawe, kama ajuavyo kila aliyekoroga chokaa, hayapendi kuelea. Huzama, yakaganda chini ya ndoo mfano wa saruji.

Kiuu, upande wa Ruiru, nilimkuta mfinyanzi mmoja ambaye mzigo mzima wa vikombe ulikuwa umemharibikia tanurini. Glezi ilikauka ikawa unga, ikapukutika kila alipovishika, na vikombe vikatoka motoni na vipara.

"Mzee, afadhali nisugue kwa jiwe kama nyanya yangu," akaniambia.

Si neno la kuchekwa. Magdalene Odundo, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1950, amepata sifa duniani kwa vyungu visivyo na glezi. Lakini kikombe cha chai kina haja yake, mwanangu. Bila glezi hufyonza.

Dawa ni mbili. Kwanza bentonaiti, udongo laini mno uliozaliwa na majivu ya volkano, ambao hufura ukinywa maji. Sehemu mbili katika mia zatosha kuyazuia mawe yasizame. Ila uchanganywe na unga ungali mkavu. Ukitupwa majini hufanya madonge, hata uupige mchana kutwa. Na ukizidi, glezi hupasuka ikikauka, kisha hujikunyata motoni.

Ya pili ni gundi ya mgunga. Waandishi wa Kiislamu tangu kale waliitia katika wino wa masizi, herufi zisipukutike karatasini, na juu ya kikombe kazi yake ni hiyo hiyo. Kisha moto huila isibaki hata alama, ilhali bentonaiti huyeyuka pamoja na mawe ikawa kioo. Aibu yake gundi ni kuoza: wakati wa joto ndoo hunuka baada ya siku chache, na ikinuka nguvu imekwisha. Basi ikorogwe kidogo kidogo.

Liniumalo ni hili: fundi wetu hununua pakiti ya gundi ya selulosi kutoka ng'ambo, ilhali mgunga wamea Isiolo, Samburu na Turkana, na wafugaji huchuma gundi yake ikasafirishwa nje ingali ghafi. Isiolo si ng'ambo. Barabara ipitayo kando ya Kiuu kwenda Thika ndiyo hiyo hiyo, ukiifuata hata ukaipita Nanyuki, ifikayo huko.